Santuri, Kipindi Kizima au Mkusanyiko: Njia Tatu za Kumsikiliza Bing Crosby na Matangazo ya Zama Zake

Tarehe 18 Oktoba 1926, mjini Los Angeles, kijana wa miaka 23 aitwaye Harry Lillis Crosby aliimba kwa mara ya kwanza kwa ajili ya santuri, yeye na mwenzake Al Rinker, pamoja na bendi ya Don Clark. Wiki kumi hazikutimia kabla waimbaji wanne hawajasimama katika kituo cha redio cha Minneapolis, mkesha wa Krismasi wa mwaka huohuo, wakaimba sifa za nafaka ya kifungua kinywa iitwayo Wheaties, na wimbo wao ndio unaohesabiwa na wengi kuwa tangazo la kwanza la biashara kuimbwa redioni. Kituo hicho kiliitwa WCCO, herufi zilizotokana na kampuni ya unga ya Washburn-Crosby. Jina hilo halikutoka kwa kijana wa Los Angeles, lakini kwa miaka hamsini iliyofuata sauti yake na tangazo la biashara havikuachana.

Crosby, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bing, alikuwa kinara wa waimbaji walioielewa maikrofoni mapema: badala ya kupaza sauti ifike viti vya nyuma vya ukumbi, waliimba kwa upole kana kwamba msikilizaji amekaa kiti cha pili. Leo mpenzi wake aliyekwisha kuzizoea nyimbo zinazopigwa kila Desemba, na ambaye sasa anataka rekodi adimu pamoja na matangazo ya sabuni, jibini, redio na sigara yaliyozizunguka, hukuta njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kutafuta santuri zenyewe za zamani. Ya pili ni kusikiliza vipindi vyake vya redio vikiwa vizima, tangu salamu ya mtangazaji hadi jina la mdhamini linapotajwa kwa mara ya mwisho. Ya tatu ni kununua mikusanyiko ya CD iliyosafishwa na mafundi kutoka kwenye rekodi za awali. Huwa naulizwa ipi ni bora, nami hushindwa kujibu mpaka anayeuliza aseme anataka kusikia nini hasa: sauti ya mwimbaji, au jioni nzima ambayo sauti hiyo ilikuwa sehemu yake.

Vigezo

Njia zote tatu nitazipima kwa vigezo vinne vilevile. Cha kwanza ni sauti, yaani ni kwa kiasi gani unachosikia kinakaribia kilichosikika chumbani siku ya kurekodi. Cha pili ni matangazo: je, yamo, yamekatwa, au hayakuwamo tangu mwanzo? Cha tatu ni chimbuko, maana yake uwezo wako wa kujua rekodi ilifanywa lini na wapi, na kwamba ndiyo ile unayodhani. Cha nne ni gharama, pamoja na vifaa na usumbufu, ambavyo kwa msikilizaji aliye Dar es Salaam au Mombasa si sawa na kwa aliye Chicago.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo, kwa kuwa msikilizaji wa leo amezoea kuliona tangazo kama kero inayokatiza kipindi. Katika redio ya Marekani ya miaka ya 1930 na 1940 mambo yalikuwa kinyume. Mdhamini hakununua nusu dakika katikati ya kipindi cha mtu mwingine. Alikinunua kipindi chote, kikabeba jina lake, na mara nyingi wakala wake wa matangazo ndiye aliyekitengeneza. Crosby alianza na sigara nene za Cremo mwaka 1931, akahamia sabuni ya Woodbury kuanzia 1933 hadi 1935, kisha akakaa miaka kumi na Kraft, wauzaji wa jibini, hadi 1946. Baada ya hapo zilikuja redio za Philco hadi 1949, sigara za Chesterfield hadi 1952, na vifaa vya umeme vya General Electric hadi 1954. Tangazo, kwa hiyo, lilikuwa sehemu ya maandishi ya kipindi kama ulivyokuwa mzaha wa mgeni, na maneno ya kumwingiza mwimbaji kwenye wimbo yangeweza kuanzia humo. Anayelikata hupata wimbo safi, ila hupoteza namna wimbo huo ulivyoingia.

Njia ya kwanza: santuri zenyewe

Chini ya neno santuri kuna vitu vitatu tofauti, na wengi huvichanganya. Kuna santuri za kawaida za kampuni ya Decca, za inchi 10, zinazozunguka mara 78 kwa dakika na kubeba takriban dakika tatu kila upande. Kuna V-Disc, santuri za inchi 12 zilizotengenezwa kati ya 1943 na 1949 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani, ambazo upande mmoja uliweza kubeba zaidi ya dakika sita. Halafu kuna sahani kubwa za inchi 16, zilizotumiwa na vituo vya redio kuhifadhi na kusafirisha vipindi, zenye mwendo wa mizunguko 33 na theluthi moja na nafasi ya kama robo saa kila upande.

*Sauti.* Santuri safi ya 78, ikipigwa kwa sindano inayoifaa, ina uhai ambao mikusanyiko mingi imeupoteza. Sauti ya chini ya Crosby hutoka ikiwa na kifua, si koo tu. Lakini sindano inayoifaa ndilo jambo lenyewe. Mfereji wa santuri hizo ni mpana, na huhitaji sindano yenye ncha ya mikroni 76 hivi, ilhali ile ya santuri za LP ni ya mikroni 25 au chini ya hapo. Ukitumia ya LP, ncha hushuka mpaka chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo vumbi la miaka themanini limejikusanya, nawe utasikia mlio wa vitumbua vikikaangwa huku mwimbaji akiimba kwa mbali. Aliyewahi kuipiga sahani ya Siti binti Saad kwa mashine ya kisasa bila kubadilisha sindano anaujua mlio huo.

*Matangazo.* Hapa ndipo njia hii inapopungukiwa. Santuri za Decca ziliuzwa dukani na hazikuwa na tangazo lolote, na V-Disc zilikuwa mali ya jeshi. Hata hivyo V-Disc nyingi zina kitu ambacho kwangu kinakaribia thamani ya tangazo: msanii anazungumza kwanza. Muziki haujaanza, na sauti ileile iliyokuwa ikiuza jibini kila wiki inawasalimu askari walio mbali, bila haraka, kwa mzaha kidogo, kama mtu aliyeegemea mlango. Anayetaka matangazo kwenye santuri hana budi kutafuta sahani za inchi 16, na ajue mapema kwamba mashine nyingi za nyumbani hazina sahani ya kuzungushia wala mkono unaofikia ukubwa huo.

*Chimbuko.* Hakuna kinachoishinda santuri kwa kigezo hiki. Karibu na lebo pamechongwa namba inayoeleza ni rekodi ipi hasa iliyotumika, na namba hiyo haidanganyi. Mfano ulio wazi ni wimbo wa White Christmas. Crosby aliurekodi tarehe 29 Mei 1942. Bamba la asili likachakaa kwa kutoa nakala nyingi mno, ikabidi aurekodi upya mwezi Machi 1947 huku kila mtu akijitahidi kurudia ilivyokuwa mwanzo. Toleo linalosikika madukani kila Desemba ni hilo la 1947. Mwenye santuri mkononi anaweza kujua ana lipi. Mwenye faili lisilo na maelezo hawezi.

*Gharama.* Decca ilipoanzishwa Marekani mwaka 1934 iliuza santuri kwa senti 35, nusu ya bei ya washindani au chini zaidi, na Crosby ndiye aliyekuwa nguzo yake. Matokeo yake ni kwamba santuri zake za kawaida zipo tele hadi leo, na muuzaji anayeziita adimu anakutania. Kilicho adimu kweli ni V-Disc, kwa kuwa makubaliano na chama cha wanamuziki yalikataza zisiuzwe, na mradi ulipokwisha mabamba na akiba ya santuri viliteketezwa. Zilizobaki ni zile ambazo askari walirudi nazo kimyakimya ndani ya mabegi yao. Zaidi ya bei kuna safari. Santuri ya 78 ya kawaida huvunjika kama sahani ya udongo. Ya kwanza niliyoagiza ilifika vipande vitatu, imefungwa kwa gazeti moja tu, na muuzaji aliniandikia kwamba alipoiweka kwenye bahasha ilikuwa nzima, jambo ambalo sina sababu ya kulikataa. Tangu hapo huomba kila santuri ibanwe kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya boksi lililo ndani ya boksi lingine.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye subira, mwenye mashine inayozunguka 78, na anayefurahia kushika kitu kilichopita mikononi mwa watu. Haimfai anayetaka kusikia mengi kwa muda mfupi.

Njia ya pili: vipindi kamili vya redio

Njia hii ndiyo yenye utajiri mkubwa na mitego mingi, hivyo nitakaa nayo zaidi.

*Sauti.* Ubora wake hupanda na kushuka kwa sababu zinazofahamika, na ukizijua hutalaumu masikio yako. Katika miaka ya Kraft, mtandao wa NBC haukuruhusu vipindi vyake vikubwa kurushwa kutoka kwenye rekodi. Kila kitu kiliimbwa papo hapo. Tulicho nacho leo ni nakala zilizochukuliwa wakati kipindi kinakwenda hewani, nyingi zikiwa kwenye sahani laini ambazo wakati wa vita zilitengenezwa juu ya kioo kwa sababu alumini ilihitajika kwenye ndege. Crosby mwenyewe alichoka kufungwa na saa ya studio. Alitaka kurekodi mapema na kurekebisha makosa, NBC ikakataa, naye akahamia mtandao wa ABC kwa udhamini wa Philco. Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 16 Oktoba 1946, mgeni wake akiwa mchekeshaji Bob Hope.

Msimu huo wa kwanza ulitengenezwa kwenye sahani za inchi 16, na ili kukata au kuunga sehemu mafundi walilazimika kunakili kutoka sahani moja hadi nyingine, kila nakala ikipunguza ung'avu wa sauti mpaka wasikilizaji wakagundua. Suluhisho lilitoka Ujerumani kwa mkono wa Jack Mullin, mwanajeshi wa Marekani aliyerudi na mashine mbili za kurekodia kwa mkanda wa sumaku pamoja na magurudumu hamsini ya mkanda. Alipomwonyesha Crosby na watu wake, aliajiriwa, na tarehe 1 Oktoba 1947 kipindi cha kwanza kilichorekodiwa kwa mkanda kikaenda hewani. Crosby akaipa kampuni changa ya Ampex dola 50,000 ili itengeneze mashine za namna hiyo. Ukichukua kipindi cha Philco cha majira ya kuchipua ya 1947 na kingine cha majira hayohayo ya 1948, ukavisikiliza kimoja baada ya kingine, tofauti utaisikia kwenye matoazi na kwenye herufi s, hata kama faili ulilonalo ni la ubora wa wastani.

*Matangazo.* Yamo, na yamekaa mahali pake. Sauti utakayoizoea haraka ni ya Ken Carpenter, mtangazaji aliyefuatana na Crosby kutoka mdhamini mmoja hadi mwingine, na ambaye kwa maoni yangu alikuwa fundi wa kuhama kutoka kwenye mazungumzo hadi kwenye bidhaa bila kujikwaa. Kinachonichekesha zaidi ni bidhaa moja ya Philco ya mwaka 1946, redio ya mezani yenye namba 1201. Mbele yake palikuwa na kijimlango. Mtu alichomeka santuri kwenye mwanya, akafunga, ikapiga yenyewe bila yeye kugusa mkono wa sindano. Fikiria mzunguko huo: Crosby anaimba redioni kutoka kwenye sahani, halafu kipindi chake kinamshauri msikilizaji anunue mashine ya kuchomekea sahani za Crosby. Wakusanyaji wa redio za zamani bado huiita mashine hiyo kwa jina la Bing Crosby. Ukiukuta wimbo uliotangulia tangazo hilo ndani ya CD, umekatwa pembeni kwa uangalifu, hutajua kamwe kwamba ulikuwa nusu ya biashara.

Matangazo ya vita yana ladha nyingine. Jibini liliingizwa kwenye mgao nchini Marekani mwaka 1943, na mdhamini wa kipindi alikuwa muuza jibini. Kumsikia muuzaji akizungumza kwa furaha na watu wanaohesabu kuponi kunaeleza zaidi kuhusu jikoni za wakati ule kuliko kurasa nyingi za historia. Na katika miaka ya Chesterfield utamsikia Crosby, ambaye umma ulimjua kwa kiko chake, akisifia sigara ambazo kampuni ilizifupisha kwa herufi ABC, yaani Always Buy Chesterfield, "nunua Chesterfield daima".

Hapa kuna mtego mkubwa. Huduma ya redio ya jeshi la Marekani ilirekodi upya vipindi vya kiraia ili viwafikie askari, na kwa kuwa jeshi halikutaka kuuza bidhaa, iliyaondoa matangazo na kujaza nafasi kwa nyimbo nyingine, pengine zilizotoka kwenye kipindi cha siku tofauti. Vipindi vingi vya Kraft vya miaka ya vita vimetufikia kwa nakala hizo za jeshi. Kwa hiyo mtu hupakua "kipindi kamili" cha 1944 akitarajia tangazo la jibini, akasikiliza nusu saa nzima bila kulisikia, na akadhani faili limeharibika. Halikuharibika. Alichonacho ni toleo la askari.

*Chimbuko.* Ni dhaifu. Mafaili yanayozunguka yamepita kwa watu wengi, na tarehe zilizoandikwa juu yake zina makosa. Lakini hapa tangazo linageuka kuwa msaada, kwa kuwa jina la mdhamini ni muhuri wa tarehe: faili lililoandikwa 1945 ambamo Philco inatajwa si la 1945, na linalotaja General Electric haliwezi kutangulia 1952. Kagua pia mwendo. Sahani ikinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi, sauti nene ya Crosby hupanda mpaka ikawa ya kijana, na masikio mageni huipokea hivyo hivyo. Ninapokuwa na shaka hulinganisha wimbo huo na toleo la Decca la miaka ya karibu. Tofauti kubwa ya mwendo haijifichi.

*Gharama.* Ni ndogo kuliko zote. Kipindi cha nusu saa kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde hakizidi megabaiti 15, kiasi ambacho hata kifurushi cha siku hukibeba, na maktaba za sauti za mtandaoni zina vipindi vyake kwa mamia. Upande wa haki si mwepesi kiasi hicho. Sheria ya Marekani inazilinda rekodi zilizochapishwa kati ya 1923 na 1946 kwa miaka 100, na kwa vipindi vya redio hesabu ni ngumu zaidi. Kusikiliza nyumbani ni jambo moja. Kuvipakia upya au kuvitumia kwenye kazi yako ya biashara ni jambo jingine, na huko tafuta ushauri kwanza.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayetaka kuielewa redio kama ilivyokuwa, mwanafunzi wa mawasiliano au matangazo, na msikilizaji asiyekereka akikuta wimbo mmoja mzuri katikati ya mizaha ambayo haieleweki tena. Asiyevumilia mikwaruzo atachoka baada ya kipindi cha pili.

Njia ya tatu: mikusanyiko iliyosafishwa

*Sauti.* Kwa kawaida ndiyo bora kuliko zote, hasa pale mafundi walipofikia mkanda wa asili. Mfano ninaoutaja daima ni seti ya kampuni ya Mosaic ya CD saba, yenye nyimbo 160 ambazo Crosby alizirekodi kwa ajili ya kipindi chake cha CBS kati ya 1954 na 1956 akisindikizwa na kikundi kidogo cha mpiga kinanda Buddy Cole. Orkestra kubwa haipo. Kuna piano, gitaa, besi na ngoma, na mwanamume aliyekwisha kuvuka miaka hamsini anayeimba kama anayejiburudisha. Nyingi ni rekodi za redio ambazo umma haukuweza kuzinunua wakati ule, kwa hiyo ni adimu kweli, na bado zinasikika kana kwamba studio iko chumba cha jirani. Kinyume chake ni mikusanyiko ya bei ya chini ambayo wapunguza kelele wamepitiliza: mikwaruzo imeondoka, na pumzi ya mwimbaji imeondoka nayo, akabaki kama anayeimba ndani ya pipa la maji.

*Matangazo.* Karibu yote yamekatwa. Wahariri wengine huacha mazungumzo mafupi kabla ya wimbo, lakini jina la mdhamini kwa kawaida huishia sakafuni. Siwalaumu, kwani anayesikiliza wimbo mara ya ishirini hataki kuuziwa jibini mara ya ishirini.

*Chimbuko.* Inategemea mchapishaji. Kijitabu kizuri hutaja tarehe ya kila wimbo, wanamuziki, na chanzo kilichotumika. Lakini Ulaya, rekodi zilizochapishwa kabla ya 1963 zilikwisha kutoka kwenye ulinzi wa miaka 50 kabla muda huo haujaongezwa kuwa 70, ndiyo maana huko yeyote anaweza kuzichapisha tena rekodi zake za miaka ya 1940, na wengi wamefanya hivyo bila kueleza walichukua wapi. Jalada lisilo na tarehe hata moja ya kurekodi linatosha kukufanya urudishe pochi mfukoni.

*Gharama.* Ni ya kati, ila matoleo ya idadi maalumu yakiisha bei hupanda kwa wauzaji wa mitumba. CD haivunjiki kirahisi njiani, na hili si jambo dogo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayempenda Crosby mwimbaji kuliko Crosby mwenyeji wa kipindi, na mtu anayetaka kumpa mzazi zawadi bila kumpa pia mashine na maelekezo.

Matangazo yaliyo peke yake

Wapo wanaotaka matangazo tu. Kwao Minute Maid ndiyo mlango, kwa kuwa hapo Crosby hakuwa mwimbaji wa kukodishwa: mwishoni mwa miaka ya 1940 alichukua hisa katika kampuni hiyo ya juisi ya machungwa iliyogandishwa, akaitangaza redioni kama mtu anayetangaza duka lake. Coca-Cola iliinunua mwaka 1960, na Crosby akaendelea kuonekana kwenye matangazo ya televisheni pamoja na mkewe Kathryn na watoto wao. Video zake hupatikana zimekatwakatwa, nyingi bila tarehe, na umri wa watoto ndio kalenda yako. Ni burudani ya dakika chache. Sishauri mtu aanzie hapo na kuishia hapo.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama huna mashine ya santuri na fedha ni kidogo, anza na vipindi vya Philco vya kuanzia Oktoba 1947. Sauti inavumilika, wageni ni wa kufurahisha, na matangazo yamebaki. Sikiliza vitatu kabla ya kuamua kama njia hii ni yako.

Kama unataka vipindi vya Kraft na matangazo yake, tafuta nakala za kabla ya Marekani kuingia vitani, au zile ambazo mhifadhi ameeleza wazi kwamba zilitoka kwenye matangazo ya kiraia. Za jeshi zitunze kwa ajili ya nyimbo za ziada.

Kama kilichokuvuta ni filamu ya mwaka 1941 yenye jina la Zanzibar, ambayo Crosby aliigiza na Bob Hope na Dorothy Lamour, jua kwamba ilipigwa Hollywood na kwamba Unguja haimo zaidi ya jina. Afrika yake ni ya mapambo ya studio, na Mwafrika ndani yake ni kichekesho cha watu wengine. Nyimbo zake, alizozirekodi kwa Decca, zinasimama vizuri bila picha, na mkusanyiko wenye tarehe unatosha.

Kama umerithi boksi la santuri za 78 kutoka kwa babu, usizipige bado. Zifute vumbi kwa kitambaa kikavu laini, ziweke zimesimama, andika namba za lebo, kisha utafute sindano. Spiriti usiiguse, kwa sababu huyeyusha utomvu uliotengenezewa santuri hizo.

Na kama unachotaka ni kusikia White Christmas ulivyosikika mara ya kwanza, kwenye kipindi cha Kraft cha tarehe 25 Desemba 1941, njia zote tatu zitakuacha njiani: nakala yake ilitunzwa na warithi wa Crosby, ambao waliiazima kwa televisheni ya CBS kwa ajili ya kipindi cha asubuhi ya Krismasi ya 2011. Kwa sasa nunua mkusanyiko ambao kijitabu chake kimeandika waziwazi 29 Mei 1942.